Kuangalia na Kuongoza Laini za Umeme kwa Setilaiti: Mwongozo Kamili kwa Mafundi wa Tabora na Kigoma

Saa nane usiku, mvua za Januari, na laini ya kilovolti 33 imetripu. Kituoni unaona mambo mawili tu: swichi imekata, na mkondo ulipanda ghafla kabla ya kukata. Hitilafu iko wapi, hakuna ajuaye. Gari linatoka na mafundi wanne, tochi zinamulika nguzo moja baada ya nyingine katikati ya miombo, mpaka kunapambazuka ndipo wanakuta tagaa la mti limelalia nyaya kwenye mchepuko unaokwenda vijiji viwili. Vijiji vingine vyote vya laini hiyo, pamoja na zahanati zao na pampu zao za maji, vimelala gizani kwa tatizo lisilowahusu.

Pangekuwa na rikloza kwenye mchepuko ule, yaani swichi ya juu ya nguzo inayokata yenyewe, ikasubiri sekunde chache, kisha ikajaribu kuunganisha tena, vijiji viwili tu ndivyo vingekosa umeme. Na rikloza hiyo ingekuwa na njia ya kuzungumza, gari lingekwenda moja kwa moja mahali penyewe. Mtandao wa simu ndio wa kufikiriwa kwanza, kwa kuwa ni rahisi na vifaa vyake vipo madukani. Lakini anayefanya kazi kati ya Kaliua na Nguruka, au kusini ya Sikonge, anazijua sehemu ambazo simu haishiki. Tena mnara wa simu nao unakula umeme. Betri zake zikiisha baada ya saa kadhaa za kukatika, unapoteza mawasiliano wakati uleule unaoyahitaji. Hapo ndipo setilaiti inapopata kazi.

Nawaandikia mafundi na wasimamizi wa laini za usambazaji za kilovolti 33 na 11, na pia wanaoendesha gridi ndogo za sola kwenye vijiji vya mwambao wa Tanganyika. Nitakaa zaidi kwenye mambo mawili: mvua, na amri iliyochelewa. Hilo la pili linaweza kuua mtu.

Hatua ya 1: Amua nini kisipite kwa setilaiti

Setilaiti inakupa macho na mkono mrefu. Kinga ya laini ibaki kwenye nguzo.

Setilaiti inayoonekana imesimama mahali pamoja angani iko kilomita 35,786 juu ya ikweta. Ishara kupanda na kushuka huchukua kama robo sekunde, na swali pamoja na jibu lake hupita nusu sekunde. Kwa umeme wetu wa hezi 50, nusu sekunde ni mizunguko 25. Waya ulioanguka njiani watu wakipita hauwezi kungoja ruhusa kutoka Tabora mjini. Kwa hiyo viwango vya kukata, idadi ya majaribio ya kuunganisha tena, na muda wa kusubiri kati ya jaribio na jaribio, vyote viwekwe ndani ya kidhibiti cha rikloza. Kipimo changu ni chepesi: chomoa modemu (kifaa kinachozungumza na setilaiti) kabisa, halafu jiulize kama laini bado imelindwa kama ilivyolindwa jana. Jibu likiwa hapana, rudi mezani.

Yanayofaa kupita angani ni hali ya swichi, mkondo na volti za kila fezi, taarifa ya hitilafu (fezi ipi, ampea ngapi, saa ngapi), hali ya betri, mlango wa sanduku kufunguliwa, na amri chache za kuzima au kuwasha.

Hatua ya 2: Chagua nguzo

Usifunge kila mahali. Chukua daftari la hitilafu la misimu miwili ya mvua, weka alama za hitilafu kwenye ramani ya laini, na utaona zinavyojikusanya. Nguzo nzuri ni ile iliyo mwanzo wa mchepuko mrefu wenye wateja wachache na miti mingi, au ile iliyo mara tu baada ya hospitali na pampu ya maji ya mji, ili vurugu za mbele zisirudi nyuma kuwaangusha. Kisha tembelea kila nguzo uliyoichagua ukiwa na simu. Simu ikishika vizuri, weka kadi ya simu. Usisahau kuwauliza wanakijiji swali moja: umeme ukikatika tangu asubuhi, jioni simu zinashika? Jibu lao lina uzito kuliko vipimo vyako vya saa sita mchana.

Hatua ya 3: Chagua setilaiti ukiwa na mvua akilini

Hapa wengi hukosea, kwa sababu vifaa huchaguliwa ofisini mwezi wa Julai, mbingu ikiwa nyeupe.

Kuna dishi la kawaida linalotumia masafa ya Ku, kati ya gigahezi 10 na 14 na ushee. Linabeba data nyingi, na linafaa kituo cha kupoza umeme chenye mita, kamera na simu za ofisi. Ila mvua nzito hulinyonya. Wingu la radi likikaa kati ya dishi na setilaiti, mawasiliano yanaweza kupotea kwa dakika kadhaa. Na wingu hilohilo ndilo linaloangusha matagaa na kupiga radi kwenye laini. Maana yake ni kwamba dishi la Ku litakuacha kipofu hasa katika dakika ambazo laini inatripu. Ukanda wetu huu wa Ziwa Tanganyika una radi nyingi, kwa hiyo jambo hili si la kupuuza.

Masafa ya L, karibu na gigahezi 1.5 na 1.6, hayajali sana mvua. Data yake ni ndogo na bei ya kila kilobaiti ni kubwa, lakini rikloza haina maneno mengi. Inmarsat hutoa huduma hii kwa setilaiti zilizosimama juu ya ikweta. Iridium huitoa kwa setilaiti 66 zinazozunguka dunia kwa kimo cha kilomita kama 780. Kwa nguzo ya porini, mimi huchagua masafa ya L bila kusita. Kwa kituo kikubwa, weka dishi la Ku, au la C (masafa yaliyo kati ya L na Ku), na pembeni yake modemu ya L kama akiba.

Mwelekeo nao una maana. Tabora iko kama nyuzi 5 kusini ya ikweta, karibu na longitudo ya 33 mashariki. Setilaiti iliyo longitudo ya 60 mashariki utaikuta upande wa mashariki ikiegemea kaskazini kidogo, nyuzi kama 58 juu ya upeo wa macho. Iliyo karibu na longitudo yetu wenyewe utaikuta karibu utosini. Hiyo ni neema, maana miti haikuzibi kirahisi, lakini dishi linalotazama juu hukusanya maji, majani na kinyesi cha ndege. Toboa tundu dogo la kutolea maji sehemu ya chini kabisa. Iridium inataka kitu tofauti: setilaiti zake hupita pande zote, kwa hiyo unahitaji anga wazi kuzunguka antena nzima.

Tena, mara mbili kwa mwaka jua hupita nyuma ya setilaiti zilizosimama, na kelele zake hukata mawasiliano. Kwa latitudo yetu ni siku chache kuzunguka tarehe 22 Machi na tarehe 21 Septemba, dakika chache kila siku kwa saa ileile. Ziandike kwenye kalenda ya chumba cha udhibiti, fundi wa zamu asije akapeleka gari bure.

Kabla ya kununua chochote, nenda TCRA, mamlaka ya mawasiliano nchini, ujue leseni na uidhinishaji wa vifaa unaohusika, na uhakikishe mtoa huduma anaruhusiwa kuuza nchini.

Hatua ya 4: Piga hesabu ya bando

Itifaki mbili utakazokutana nazo, yaani lugha ambazo kidhibiti na seva ya kituoni huzungumza, ni DNP3 na IEC 60870-5-104 (kwa kifupi 104). Zote zinafaa, lakini hutoka kiwandani zikiwa zimepangwa kwa waya usio na gharama. Chukua 104. Laini ya mawasiliano ikiwa kimya, kila baada ya sekunde 20 upande mmoja huuliza "upo?", mwingine hujibu "nipo", na wa kwanza hukiri kwamba amesikia. Pamoja na vichwa vyake (baiti za anwani zinazotangulia kila ujumbe), mazungumzo hayo ni baiti kama 132. Mara 4,320 kwa siku, siku 30 kwa mwezi, unafika megabaiti 17, na bado hujaambiwa chochote kuhusu umeme. Ukiongeza kipindi hicho hadi dakika 10, gharama hiyo inashuka hadi nusu megabaiti na kidogo. Unacholipa ni kuchelewa kujua kwamba kifaa kimekufa. Kwa nguzo ya porini, dakika 10 si mbaya.

Pili, kidhibiti kiseme pale tu jambo linapobadilika. Mkondo ukipanda kutoka ampea 41 hadi 42, kinyamaze. Ukipanda kwa zaidi ya asilimia 10, au swichi ikibadilika, kiseme papo hapo. Salamu ya jumla, yaani ripoti ya hali yote, ipite kila saa moja.

Kwa ujumbe mfupi wa Iridium, modemu ndogo kama 9602 na 9603 hubeba baiti 340 kutoka kwenye nguzo na 270 kwenda kwenye nguzo. Zinatosha sana ukizipanga mwenyewe: hali za swichi baiti 2, mikondo mitatu baiti 6, volti tatu baiti 6, betri 2, saa 4, namba ya ujumbe 2. Jumla ni 22.

Kila tukio libebe saa ya mahali lilipotokea, kutoka kwenye saa ya GPS iliyo ndani ya kidhibiti, kwa kuwa ujumbe unaweza kufika kwa kupishana. Na kwenye daftari andikeni saa kwa tarakimu za 24. Nimeona ripoti ya "saa mbili" ikibishaniwa wiki nzima, mmoja akisema ni asubuhi na mwingine usiku.

Hatua ya 5: Umeme wa kuendesha mawasiliano

Usitegemee transfoma ndogo ya pale nguzoni peke yake. Laini ikizima nayo inazima.

Modemu ya L ikila wati 5 kwa wastani na kidhibiti wati 3, kwa siku ni wati-saa 192, sawa na ampea-saa 8 kwa betri za volti 24. Siku tatu za mawingu ni ampea-saa 24. Betri za risasi zisishuke chini ya nusu, kwa hiyo nunua ampea-saa 48 au zaidi. Upande wa sola, chukulia saa 4 za jua zuri katika miezi ya mawingu na upotevu wa asilimia 30: unahitaji wati 69, funga paneli ya wati 100. Dishi dogo la Ku linalokula wati 40 litakudai mara tano ya hayo yote, na hiyo ni sababu nyingine ya kuliacha mjini.

Joto ndilo adui wa betri. Kwa kila nyuzi 10 zinazozidi 25, umri wa betri ya risasi hupungua kama nusu. Sanduku la chuma lililotazama jua la Oktoba hapa Tabora linageuka jiko. Lipake rangi nyeupe, liwekee kofia ya bati yenye nafasi ya hewa katikati, na uligeuzie kusini au kaskazini, mlango usitazame magharibi.

Halafu nyuki. Mkoa unaosifika kwa asali una nyuki wanaotafuta makazi, na kwao sanduku lenye tundu la kebo ni mzinga wa bure. Ziba kila tundu kwa wavu wa chuma wenye macho madogo. Fundi aliye juu ya ngazi akifungua mlango uliojaa nyuki ataanguka kabla hajafikiria mkanda wake.

Hatua ya 6: Funga

Fanya kazi yote mezani kwanza: kidhibiti, modemu, seva ya skada (mfumo wa kuangalia na kuongoza laini kutoka kituoni), kwa wiki moja, antena ikiwa nje ya dirisha. Nguzoni, antena ikae chini ya nyaya na mbali nazo kwa kipimo cha usalama cha msongo husika, hata kama juu kungeshika zaidi. Kebo yake iwe fupi, ipite kwenye kizuia radi kabla ya kuingia sandukuni, na sanduku, kizuia radi na rikloza vyote viende kwenye athi moja, yaani waya mmoja wa kwenda ardhini. Athi mbili tofauti kwenye nguzo moja huipa radi njia ya kupita ndani ya modemu yako.

Hatua ya 7: Amri iliyochelewa

Miaka kadhaa nyuma nilishiriki mradi mmoja wa majaribio uliotumia ujumbe mfupi wa setilaiti. Laini ilitripu mchana. Saa 14:10 msimamizi wa zamu alituma amri ya kuunganisha. Kimya. Saa 14:14 akatuma tena. Kimya. Akaita gari kwa redio, na zile amri mbili akazisahau.

Mafundi walifika baada ya saa 16:00. Wakageuza swichi ya sanduku kutoka MBALI kwenda HAPA, ili amri za kutoka kituoni zikataliwe, wakafunga kufuli, wakakata kwa mkono, wakapima, wakafunga athi. Mmoja wao akaona tagaa la mwembe limeegemea antena. Akalikata kwa panga, kwa nia njema kabisa. Baadaye jioni nilipofungua kumbukumbu za kidhibiti nilikuta mistari miwili ya saa 16:32: amri ya kuunganisha imepokelewa, imekataliwa, swichi iko HAPA. Zilikuwa zimehifadhiwa na mtoa huduma kwa zaidi ya saa mbili zikisubiri antena isikie. Panga lilipofungua anga, zikashuka. Saa 16:32 vijana wale walikuwa na mikono yao kwenye nyaya.

Tangu siku hiyo sikubali mfumo wowote usio na haya yafuatayo.

Swichi ya HAPA na MBALI ikate kwa waya halisi njia ya umeme inayoendesha kuunganisha. Isiwe alama tu ndani ya programu.

Kila amri ibebe saa iliyotumwa na muda wake wa kufa. Kidhibiti kilinganishe na saa yake ya GPS. Amri yenye zaidi ya sekunde 60 itupwe na taarifa irudishwe. Ibebe pia namba ya mfululizo, ili amri moja isitekelezwe mara mbili.

Kuunganisha kuwe kwa hatua mbili: kwanza "chagua", kidhibiti kikiri, kisha "tekeleza" ndani ya muda mfupi. Kwa setilaiti iliyosimama hili linawezekana vizuri, ukiweka sekunde 10 badala ya 2 au 3 za kwenye waya. Kwa ujumbe mfupi unaoweza kukaa njiani dakika kadhaa, haliwezekani. Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: kwa njia ya ujumbe mfupi ruhusu kukata peke yake. Kuunganisha kutoka mbali kuondolewe kabisa kwenye programu.

Amri isiyojibiwa ioneshwe kwenye skrini kwa neno HAIJULIKANI, na kitufe kijifunge mpaka msimamizi aifute kwenye seva na kuandika sababu. Kibali cha kazi kisitolewe kwa laini yenye amri inayoelea.

Na maneno ya kwenye vitufe yachaguliwe kwa makini. Nyumbani ukisema "fungua maji", maji yanatoka. Kwa fundi, swichi ikifunguliwa umeme hautoki. "Funga umeme" kwa mmoja ni kuuzima, kwa mwingine ni kuuingiza nyumbani. Maneno haya mawili yasionekane kwenye skrini wala yasisikike redioni. Tumia KATA na UNGANISHA, na anayepokea agizo alirudie lote kabla ya kulitekeleza.

Hatua ya 8: Wageni kwenye mtandao

Tarehe 23 Desemba 2015 nchini Ukraine, wavamizi waliingia kwenye kompyuta za makampuni ya usambazaji na kukata swichi kwa kutumia mfumo uleule wa wasimamizi. Wateja kama 225,000 walikosa umeme. Tarehe 24 Februari 2022 mtandao wa setilaiti wa KA-SAT ulishambuliwa, modemu nyingi zikaharibiwa, na huko Ujerumani mitambo ya upepo kama 5,800 ikapoteza usimamizi wa mbali. Mitambo ile iliendelea kuzalisha yenyewe, kwa kuwa akili yake ilikuwa pale pale ilipo.

Badilisha nywila za kiwandani siku ya kwanza. Modemu isipatikane kwenye intaneti ya wazi. Omba mtoa huduma akupe njia ya faragha hadi kwenye seva yako, na juu yake uweke ufumbaji wako mwenyewe, yaani kuificha data kwa msimbo. Kompyuta ya skada isisomewe barua pepe, wala isichomekwe flashi ya mtu.

Hatua ya 9: Jaribu mbele ya mashahidi

Kabla ya kukabidhi, fundi mmoja awe nguzoni na mwingine kwenye skrini. Kila taarifa isababishwe kwa kweli: mlango ufunguliwe, chaja ichomolewe, swichi ikatwe kwa mkono, na msimamizi aseme anachokiona na saa yake. Kisha funika antena kwa ndoo ya bati, tuma amri ya kuunganisha, ngoja dakika tano, ondoa ndoo. Rikloza ikisogea, kazi haijaisha na usisaini.

Rudia jaribio la ndoo kila Oktoba, kabla ya mvua. Siku hiyohiyo kata matagaa kuzunguka antena, lakini kwanza piga redio chumba cha udhibiti uulize kama kuna amri yoyote inayoelea, na ungoje jibu ukiwa umeshika ufunguo wa ile kufuli mfukoni mwako.